Mchagua Jembe na Gitaa la Bei Nafuu

Wahenga walituachia kauli kwamba mchagua jembe si mkulima. Kauli hii hutumiwa kumsuta mtu alaumuye zana ilhali kazi yenyewe haitaki. Ni kauli ya haki. Hata hivyo, wahenga hao hao hawakusema kwamba mkulima wa kweli hulima kwa jembe butu. Mkulima wa Kitui au Makueni, ambaye tegemeo lake kubwa ni mvua za Oktoba hadi Desemba, hukaa kivulini mwezi wa Septemba akiwa na tupa mkononi, akinoa. Hachagui jembe, analitengeneza. Baina ya kuchagua na kutengeneza pana maarifa mengi ambayo sisi wanafunzi wa lugha huyapita mbio tukielekea maktaba.

Makala haya yanahusu jembe la aina nyingine, yaani gitaa la umeme la bei nafuu, na namna nilivyolirekebisha kwa mikono yangu, sehemu Kitui na sehemu Makueni. Ninayaandika katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili, wala si katika jarida la muziki, kwa sababu kila sehemu ya ala hiyo niliyoigusa ilinidai jina. Majina niliyoyapata, pamoja na mahali nilipoyapatia, ndiyo ninayotaka kuyaweka mbele yako, mpenzi msomaji.

Yafaa kwanza nieleze kisa chenyewe. Baba yangu alikuwa kibarua wa reli katika genge lililokarabati njia kati ya Makindu na Mtito Andei. Siku za kazi alishika mtaimbo na sururu. Mwisho wa juma alipiga gitaa la ridhimu katika bendi ndogo ya benga iliyotumbuiza harusini na masokoni katika miaka ya 1980. Bendi hiyo ilisambaratika kama zilivyosambaratika nyingi za aina yake, nalo gitaa, ambalo halikuwa lake, likarudi kwa mwenyewe. Kwa zaidi ya miaka thelathini hakumiliki ala yoyote. Sasa amestaafu, anaishi Kibwezi, na vidole vyake vimeanza kukakamaa kwa maradhi ya viungo. Daktari alimshauri asiviache vikae bure.

Mimi kwa upande wangu ninafundisha shule ya upili mjini Kitui huku nikiandika tasnifu ya uzamili kuhusu nyimbo za Kiswahili za wanamuziki wa benga wa Ukambani. Wasomaji wa jarida hili wanamjua Kakai Kilonzo na bendi yake ya Kilimambogo Brothers. Mwimbaji huyo hakutosheka na Kikamba peke yake. Aliimba pia kwa Kiswahili, na kwa njia hiyo akasikika mbali na kwao hadi alipofariki mwaka 1987. Katika unukuzi wa nyimbo za namna hii, desturi yetu ni kuandika maneno ya mwimbaji, na pale sauti yake inapokoma tunatia neno moja kwenye mabano, "gitaa", kisha tunaendelea na ubeti unaofuata. Nilimsomea baba kurasa kadhaa. Akasikiliza kwa makini, halafu akauliza: "Na hapo penye mabano, mwanangu, gitaa linasema nini?"

Swali hilo halikuwa na jibu la mdomo. Lilihitaji ala. Nilikusanya shilingi 14,000, nikanunua gitaa jipya katika duka moja la Nairobi, nakala ya Kichina ya lile gitaa mashuhuri la Kimarekani liitwalo Stratocaster. Nikampelekea. Alilipakata, akabana nyuzi kwa dakika mbili, akanirudishia. "Hili ni la vijana," alisema. Nyuzi zilikuwa juu mno. Pale katikati ya shingo zilisimama milimita nne kutoka kwenye ubao, na kuzibana kuliwaumiza hata wenye vidole vizima, sembuse yeye. Mafundi wa magitaa nilioulizia Nairobi walitaka malipo yaliyokaribia nusu ya bei ya gitaa lenyewe, mbali na nauli na siku za kusubiri. Nikaamua kuifanya kazi hiyo mwenyewe.

Kabla ya kueleza kazi yenyewe, inafaa tuelewe kwa nini kasoro ya gitaa rahisi humuumbua mpiga benga kuliko mpigaji wa mitindo mingine. Mtindo wa benga ulichipuka miongoni mwa Wajaluo magharibi mwa Kenya, ukiiga kwa gitaa michomo ya nyatiti, kisha ukaenea nchini kote, Ukambani ikiwamo. Katika benga ya Ukambani magitaa husukana. Ridhimu hushika chini, besi hukokota, nalo gitaa la solo hupanda juu kabisa ya shingo na kukaa huko kwa muda mrefu, likimjibu mwimbaji na wakati mwingine likimpiku. Mtu anayepiga nyimbo za kanisani kwa kubana karibu na kichwa cha gitaa anaweza kumaliza mwaka bila kugundua kwamba gitaa lake linadanganya. Mpiga benga hugundua katika wimbo wa kwanza, kwa kuwa uongo wa gitaa rahisi huongezeka kadiri mkono unavyopanda. Huko juu nafasi nazo ni finyu. Nafasi ya kwanza kabisa ya gitaa langu ina upana wa milimita 36 hivi, ilhali ya mwisho haifiki milimita 12.

Kazi ilianzia shingoni. Ndani ya shingo ya gitaa la umeme mna ufito wa chuma unaopita toka mwanzo hadi mwisho. Sababu ya kuwapo kwake ni uzito. Seti ya kawaida ya nyuzi sita zilizokazwa huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 45, yaani nusu ya gunia la mahindi la kilo 90. Mti pekee, tena mwembamba vile, hauwezi kustahimili mvuto huo mwaka baada ya mwaka bila kupinda. Ufito ule huvuta upande wa pili, na ukiukaza au kuulegeza kwa ufunguo wa pembe sita, shingo hunyooka au kupinda kidogo. Ufunguo wenyewe niliuazima kwa fundi wa baiskeli. Kanuni ni moja: robo mzunguko kwa mara moja, kisha usubiri mti utulie.

Baba ndiye aliyekuwa jicho langu. Alilishika gitaa kama mtu ashikaye bunduki, akafumba jicho moja, akatazama kando ya shingo kutoka upande wa kichwa. Nikamuuliza anaangalia nini. Akasema kwamba katika genge lao msimamizi hakuwa na chombo kingine cha kupimia njia. Aliinama hadi shavu likakaribia chuma, akatazama reli ikikimbia mbele yake, akataja mahali palipozama na mahali palipoinuka. Kisha vijana wakaenda na mitaimbo kuinua. "Huu ufito ndani ni mtaimbo," alisema, "na hivi vyuma vilivyolala ni mataruma."

Nilisimamisha kazi nikaandika. Vyuma vinavyokingama shingoni, ambavyo wanamuziki wetu huviita freti, kwa hakika vimelala kama mataruma chini ya reli, na nyuzi zinapita juu yake kama vile njia ya chuma. Mfano huo si wa umbo tu. Taruma moja likiinuka, uzi ulioubana nyuma yake huligonga na kutoa mlio wa kukwaruza, kama vile gari la moshi linavyotikisika penye kasoro ya njia. Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ilipita Kibwezi na kuwaachia wazee wa huko msamiati mzima. Yamkini hakuna aliyewahi kuwaomba.

Kwa jicho hilo hilo baba alitambua kwamba taruma la kumi na nne lilikuwa limeinuka. Nilihakikisha kwa kusimamisha ukingo wa rula fupi ya chuma juu ya mataruma matatu kwa pamoja. Likiinuka la katikati, rula hucheza huku na huku kama bembea. Hatukukimbilia tupa. Tuliligonga kwanza kwa nyundo ya mbao, taratibu, kwa kuwa huenda lilikuwa halijakaa tu kwenye mfuo wake. Lilishuka sehemu kubwa. Masalia niliyapunguza kwa karatasi ya msasa iliyogandishwa kwenye kipande cha chuma kilichonyooka, nikiwa nimepaka wino mweusi juu ya mataruma yote ili nijue msasa unagusa wapi, kisha nikaurudisha mviringo wa mgongo wake kwa ile tupa ya pembe tatu ambayo maseremala hunolea misumeno. Miisho ya mataruma nayo ilikuwa imechomoza kando ya shingo na kukwaruza kiganja. Si ajabu. Mti husinyaa hewa ikikauka, nacho chuma hakisinyai pamoja nao, na hewa ya Kibwezi wakati wa kiangazi haina huruma kwa mti uliokatwa mahali penye unyevu. Hiyo nayo niliipitisha tupa kwa mshazari.

Nilibadilisha pia nyuzi. Badala ya seti ya kawaida nilitia seti nyembamba zaidi, ambayo mvuto wake ni karibu kilo 38. Tofauti ya kilo saba inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwa kidole kinachouma ni tofauti baina ya kupiga na kutopiga. Baada ya hapo ilibidi mtaimbo ulegezwe kidogo, maana mzigo ulikuwa umepungua. Kipimo cha mwisho ni hiki: bana uzi kwenye taruma la kwanza na la mwisho kwa pamoja, kisha tazama mwanya uliobaki juu ya taruma la saba au la nane. Ukitosha kupitisha uzi mwembamba kabisa wa gitaa lenyewe, yaani takriban robo ya milimita, shingo iko sawa.

Hatua iliyofuata ilifanyika Kitui. Nilisafiri na gitaa katika matatu kwa barabara ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui, nikiwa nimelilaza mapajani kama mtoto. Pale ambapo nyuzi hutoka kichwani na kuingia shingoni pana kipande kidogo chenye mifuo sita. Katika magitaa ya bei nafuu kipande hicho huwa cha plastiki laini, na mifuo yake haikuchimbwa vya kutosha. Matokeo yake ni kwamba nyuzi husimama juu mno mwanzoni mwa shingo, na mtu akibana taruma la kwanza huwa anauvuta uzi kupita kiasi, sauti ikapanda hata kabla hajaanza kuimba. Wanamuziki hukiita nati. Jina hilo lina matatizo yake, kwani nati kwa kila Mswahili ni kile kinachokazwa kwenye bolti, na gitaa lina nati za aina hiyo pia. Mwanafunzi akiambiwa "legeza nati", haijulikani atashika nini.

Nilipeleka gitaa kwa seremala mmoja katika soko la Kalundu, mtu atengenezaye milango na fremu. Alikitazama kile kipande, akacheka. "Mwalimu, hiki ni kizingiti," alisema. "Kizingiti kikiwa juu, kila anayeingia anajikwaa." Alishauri nikitengeneze kipya kwa mfupa. Ushauri huo haukunishangaza. Tuko jirani na Wamunyu, ambako Mutisya Munge alirudi na ufundi wa kuchonga aliojifunza Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na ambako ujuzi huo ulisambaa ukawalisha maelfu ya familia za Wakamba. Katika nchi ya wachongaji, kipande cha mfupa chenye urefu wa milimita 42 si jambo la kuagizwa ng'ambo.

Mfupa nilipewa bure buchani, mguu wa ng'ombe. Niliuchemsha kwa maji na sabuni hadi mafuta yakatoka, nikauanika siku tatu, nikaukata kwa msumeno wa chuma. Unga wa mfupa haufai kuvutwa puani, kwa hiyo nilisugua kwa msasa uliolowa maji, kitambaa kikiwa usoni. Mifuo ya nyuzi nyembamba niliichimba kwa ubapa mwembamba wa msumeno, na ya nyuzi nene kwa kuzungusha humo nyuzi za zamani zenyewe, ambazo mikwaruzo yake hufanya kazi ya tupa ndogo. Kipimo chake ni rahisi. Ukibana uzi baina ya taruma la pili na la tatu, mwanya juu ya taruma la kwanza uwe mwembamba kama unywele. Ukikosekana kabisa, uzi utakwaruza. Kazi hii ilichukua jioni nne. Sauti ya uzi usiobanwa ikabadilika kutoka mlio mzito wa bati hadi mlio safi.

Upande wa pili wa nyuzi kuna daraja, na hili halina ugomvi, kwa kuwa Kiswahili tayari kina neno lake na mfano wake unaonekana. Ugomvi uko juu ya daraja, kwenye vipande sita vidogo ambavyo kila kimoja hubeba uzi wake. Kila kipande kina skrubu za kukipandisha na kukishusha, na skrubu ya kukisogeza mbele au nyuma. Hapo ndipo nilipopunguza kimo cha nyuzi kutoka milimita nne hadi milimita mbili kwa uzi mnene, na milimita moja na nusu kwa uzi mwembamba. Aidha, hapo ndipo uongo wa gitaa unapotibiwa.

Uongo wenyewe ni huu. Katika gitaa langu uzi una urefu wa milimita 648 kutoka kizingitini hadi darajani. Mataruma hupangwa kwa hesabu: urefu uliobaki hugawanywa kwa 17.817 kupata mahali pa taruma linalofuata, na ukifuata hesabu hiyo, taruma la kumi na mbili huangukia nusu ya njia, milimita 324, mahali ambapo sauti hujirudia kwa kimo cha juu. Hesabu hiyo ni kamilifu kwa uzi usioguswa. Lakini kidole kinapoubana uzi huunyoosha kidogo, na uzi ulionyooshwa hupanda sauti. Ndiyo sababu daraja haliwezi kukaa penye 648 kamili. Lazima kila uzi uongezewe urefu kidogo, na kila mmoja kwa kiasi chake. Kwa hivyo, unagusa uzi kwa wepesi juu ya taruma la kumi na mbili bila kuubana, unausikiliza, kisha unaubana papo hapo na kuusikiliza tena. Ikiwa sauti ya pili iko juu kuliko ya kwanza, kipande husogezwa nyuma. Ikiwa iko chini, husogezwa mbele. Nilitumia programu ya simu kupimia. Baba alitumia masikio yake, na walikubaliana mara nyingi.

Jina la vipande hivyo lilitoka kwa jirani yake, mama mmoja aliyepita akiwa na punda aliyebeba mitungi minne ya maji ya lita 20. Alisimama kutuamkia, akataka kujua tunasogeza nini siku nzima. Nikamweleza kwamba kila uzi umekaa juu ya kitu kinachoweza kwenda mbele na nyuma, na kikikaa vibaya sauti huharibika. Akajibu bila kufikiri sana kwamba tandiko la punda likikaa mbele mno, mnyama huchubuka begani, na likikaa nyuma mno, mzigo humwangusha. Basi ni matandiko. Baadaye niligundua kwamba Waingereza nao waliviita vipande hivyo kwa jina la tandiko la farasi. Mama yule hakuwa amewatafsiri. Alikuwa ametazama kitu akakiona.

Imebaki sehemu ya umeme, ambayo ndiyo iliyonipeleka kwa fundi wa redio mjini Kibwezi. Chini ya nyuzi mna vipokezi vitatu. Kila kimoja ni sumaku sita zilizozungushiwa waya mwembamba kuliko unywele, mizunguko kwa maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku huzaa umeme mdogo katika waya huo, nao ndio unaopelekwa kwenye kikuza sauti. Fundi alilehemu upya viungo vilivyokuwa vimelegea, akabandika karatasi ya alumini kuta zote za ndani ya tundu na kuiunganisha na waya wa ardhini, maana vipokezi vya aina hii hudaka ngurumo ya umeme wa majumbani ambao nchini Kenya hutikisika mara 50 kwa sekunde. Alivishusha pia, kwa kuwa sumaku ikikaribia mno huuvuta uzi wenyewe na kuufanya utoe sauti mbili zinazogombana. Mwisho alikagua kikuza sauti na kunionya kwamba mpiga gitaa ana waya mikononi siku zote. Plagi iliyokatwa mguu wa ardhini, au jenereta ya sokoni isiyounganishwa ardhini, inaweza kumuua.

Yafaa ikumbukwe kwamba Leo Fender, aliyelileta Stratocaster mwaka 1954, hakuwa mpiga gitaa. Alikuwa fundi wa redio mwenye karakana mjini Fullerton, California, na aliliunda gitaa kama fundi wa redio anavyofikiri: shingo inafungwa kwa skrubu, kila sehemu inafunguka, kila sehemu inabadilishwa. Nakala ya Kichina ya shilingi 14,000 imerithi fikra hiyo. Ndiyo maana inarekebishika Kibwezi. Nasi tusisahau kwamba hapa kwetu mmoja wa waliotangulia kurekodi kwa gitaa la umeme aliitwa Fundi Konde, mwana wa pwani aliyefariki mwaka 2000. Hilo lilikuwa jina lake, lakini halikumkaa vibaya.

Kwa upande wa majina, hapa fundi wa redio na baba walitofautiana. Fundi alikiita kipokezi "sikio", akieleza kwamba husikia uzi na kupeleka habari. Baba alisema kwamba tangu ujana wake hicho ni pikapu na kitabaki pikapu, na kwamba hajawahi kuona mtu akilichanganya gitaa na gari la kubebea mkaa. Nilivutiwa na "sikio", lakini nilipowauliza vijana wanaopiga katika sherehe za Wote na Kitui, wote walisema pikapu. Neno hilo limeshinda. Linatamkika, linakubali viambishi, na wanaolitumia hawaoni haya. Sina mamlaka ya kuwanyang'anya.

Hapa ndipo ninapofika kwenye hoja yangu, wasomi wenzangu. Kitabu cha Tumbo-Masabo na Mwansoko, *Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili* (1992), kimetufundisha wengi wetu njia za kuunda istilahi: kutohoa, kutafsiri, kunyambua, kuambatanisha, kuhulutisha, kupanua maana ya neno lililopo. Nchini Kenya tumeshuhudia mijadala mikali kuhusu tarakilishi na kompyuta, runinga na televisheni, rununu na simu ya mkononi. Mijadala hiyo huwa juu ya sura ya neno: je, lina asili ya Kibantu, je, ni fupi, je, linaeleweka. Ni maswali mazuri. Lakini kazi ya gitaa imenionyesha swali jingine linalopaswa kutangulia, nalo ni hili: aliyelitamka neno mara ya kwanza alikuwa ameshika nini mkononi?

Mtaimbo, taruma, kizingiti, tandiko, lehemu. Hakuna hata moja lililoundwa. Yote yalikuwemo katika Kiswahili, yakifanya kazi kwenye reli, mlangoni, mgongoni mwa punda na juu ya bati. Yalihamia kwenye gitaa kwa sababu watu wenye kazi hizo walilitazama gitaa wakaona kazi yao ndani yake. Zaidi ya hayo, kila neno lilikuja na mafundisho. Anayejua kizingiti anajua tayari kwamba kisiwe juu. Anayejua tandiko anajua kwamba hukaa mahali pake penyewe kwa kila mnyama. Istilahi iliyobuniwa mezani pasipo na kitu chenyewe haina budi kufafanuliwa, na aghalabu ufafanuzi wake hubaki kitabuni.

Faida kwa fasihi ni dhahiri pia. Katika tasnifu yangu mabano yenye neno "gitaa" yamepungua. Pale penye mabano sasa ninaweza kuandika, kwa mfano, kwamba solo linapanda hadi taruma la kumi na mbili, linarudia mwishilio wa swali la mwimbaji mara mbili, kisha linashuka kabla halijajibiwa. Ninaweza kuandika hivyo kwa sababu nilimsikia baba akipiga. Hupiga asubuhi, dakika kumi na tano au ishirini, kisha hupumzika. Ziko siku ambazo vidole vinakataa na gitaa linabaki ukutani. Mvua za Machi zilipokuja shingo ilisogea, naye akageuza ufunguo robo mzunguko bila kunipigia simu. Gitaa halikumponya, wala halikukusudiwa kumponya. Limemrudishia sauti aliyokuwa nayo, nami limenipa matini ambayo maktaba haikuwa nayo.

Pendekezo langu kwa chama chetu ni dogo na halihitaji fedha nyingi. Kila mwanachama, likizo ijayo, akae siku tatu katika karakana moja ya kwao, iwe ya baiskeli, ya redio, ya viatu au ya milango, akiwa na daftari. Asiende kuwafundisha mafundi Kiswahili sanifu. Aende kuuliza kila kitu kinaitwaje, na kwa nini. Pale ambapo fundi ana neno, tuliandike pamoja na kazi yake. Pale ambapo hana, tumwachie kitu mikononi, tusubiri. Faharasa itakayopatikana itakuwa na majina yanayogombana, mengine ya mkopo, mengine ya kuchekesha, na kazi ya kuyachuja itakuwa yetu. Wahenga walimsuta mchagua jembe. Sisi tusije tukawa wachagua maneno ambao hawajawahi kulima.